Uzi: Mwandishi wa riwaya za mapenzi za Dar es Salaam anaipata wapi hadithi yake?

#1 – Mleta uzi

Habari zenu wanajukwaa.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika hadithi za mapenzi zinazotokea Dar es Salaam, na waandishi wachanga hunitumia miswada yao niisome kabla hawajaipeleka kwa mchapishaji au hawajaanza kuitoa kwa vipande mtandaoni. Karibu kila mswada huja na swali lile lile: msukumo wa kuandika unautoa wapi? Nimeona nilijibu hapa kwa urefu, kwa sababu jibu fupi ninalolitoa kwenye simu haliwasaidii, na kwa sababu naamini wengi wao wanautafuta msukumo huo mahali ambapo haupo.

Miswada mingi ninayoisoma inaanzia ufukweni. Kijana ana gari, binti ana mkoba wa bei, wanakutana kwenye hoteli ya Masaki jua linapozama, na kuanzia hapo hadi ukurasa wa mwisho hakuna anayepanda daladala, hakuna anayedaiwa kodi, wala hakuna jirani. Ukilifuta jina la Dar es Salaam ukaweka la jiji jingine lolote lenye bahari, hadithi haitikisiki hata kidogo. Kwangu mimi, mwandishi wa hadithi hiyo hajachukua chochote kutoka jijini isipokuwa jina lake.

Msimamo wangu ni huu: katika jiji hili, wapendanao hujua mapema kama wanapendana. Kinachowasumbua ni watakaa wapi wawili peke yao, na nani atawaona. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Ndani ya umati huo mtu anaweza kuuzunguka Mtaa wa Kongo pale Kariakoo kutwa nzima asisalimiwe na mtu anayemfahamu, lakini akirejea chumbani kwake Tandika au Manzese na kufungua mlango saa tano usiku, nyumba nzima inajua kwamba amerudi, amerudi na nani, na amebeba nini. Riwaya ya mapenzi ya Dar es Salaam inazaliwa kati ya barabara isiyomjua mtu na korido inayomjua kupita kiasi.

Iangalieni nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili tunayoifahamu sote ina baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, na uani kuna bomba, mahali pa kupikia, bafu na choo cha wote. Kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji wake, na mpangaji anaweza kuwa kijana mmoja au mama mwenye watoto wanne. Katika nyumba nyingi za aina hiyo hakuna dari na kuta za ndani hazifiki kwenye bati, kwa hiyo maneno ya chumba cha kwanza hupita juu ya ukuta hadi chumba cha tatu. Ndiyo maana kijana anayetarajia mgeni huwasha redio kabla mgeni hajafika, ili sauti ya redio isionekane kuwa imeanza naye. Viatu navyo huvuliwa mlangoni. Kila anayekwenda uani usiku huviona, na kesho yake asubuhi wanawake wanapokutana bombani mazungumzo yanaanzia hapo. Mgeni wa kike aliyeizoea nyumba ile ataviokota viatu vyake na kuingia navyo ndani. Mwandishi akiliona tendo hilo moja, la mwanamke kuinama mlangoni na kuchukua ndala zake kabla hajasalimia, ameshajua mengi: kwamba si mara yake ya kwanza kuja, kwamba ameshawahi kusemwa, na kwamba bado anakuja.

Halafu kuna kodi. Wenye nyumba wengi wa jijini hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye hudai malipo yake, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Nimewasikia watu wengi wakieleza jinsi walivyoanza kuishi pamoja, na katika maelezo mengi kuna sentensi inayofanana: kodi ya mmoja wao iliisha. Hakukuwa na pete wala goti lililopigwa chini. Palikuwa na mwenye nyumba aliyebisha hodi, begi moja, godoro, na mtu aliyesema, "Njoo kwangu kwa sasa." Lile "kwa sasa" huzaa watoto. Hapo pana riwaya ya kurasa mia tatu, na mwandishi anayeipita mlangoni akielekea hotelini kutafuta msukumo ananisikitisha kwa kweli.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

#2 – Mchangiaji kutoka Mbagala

Mleta uzi, nakushukuru, lakini kuna jambo sikubaliani nalo. Mimi ni msomaji, si mwandishi. Naishi Mbagala, na shida za kodi, maji na foleni nazijua kuliko kitabu chochote kitakavyonieleza. Ninapofungua hadithi ya mapenzi usiku baada ya kazi, nataka kupumzisha akili. Ukinirudishia korido yangu na foleni ya bafuni, umeninyima kile nilichokifuata. Mwache kijana awe na gari na binti awe na mkoba wake. Isitoshe, mapenzi ni mapenzi tu, Dar es Salaam au Dodoma, na mji ni pambo la nyuma kama pazia la mpiga picha.

#3 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mbagala, haki yako ya kupumzika siigusi, na wala siwaombi waandishi wageuze hadithi za mapenzi kuwa ripoti za maisha magumu. Ila naomba tuulizane raha ya hadithi ya mapenzi inatoka wapi. Mimi naona inatoka katika kungoja. Msomaji hufunua ukurasa kwa sababu wawili hawa bado hawajafika wanakotaka kufika, na kinachowazuia lazima kiaminike. Pale hotelini hakuna kinachowazuia, na ndiyo maana mwandishi hulazimika kumleta mama mkwe katili ukurasa wa arobaini, ajali ya gari ukurasa wa tisini, na pacha aliyepotea akiona mambo bado hayajachacha. Mwandishi aliyeishika korido hana haja ya pacha.

Na raha ipo. Nenda Coco Beach Jumapili jioni uone. Mihogo inakaangwa, pilipili na chachandu vinamwagwa juu yake, watoto wanakimbilia maji, na mwenye gari la kifahari anakaa hatua chache kutoka kwa kijana aliyekuja na bajaji ya kuchangia. Wapenzi wawili wanaweza kukaa pale kwa sahani moja ya mihogo mpaka giza liingie, na hakuna atakayewauliza wametoka wapi. Wengi wao wako pale kwa sababu kwao hawana pa kukaa. Mwandishi anayejua sababu hiyo akiwaandikia ufukwe, msomaji atalisikia joto la mikono yao, kwa kuwa anajua ikifika saa mbili usiku kila mmoja atarudi kwenye nyumba yenye macho. Kwa hiyo ufukwe siukatai. Nataka tujue watu wamefuata nini huko.

Kuhusu mji kuwa pazia, nitatoa mfano wa jambo dogo ambalo limebadilisha mapenzi ya jiji hili na ambalo nalikuta mara chache sana kwenye miswada. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilianza kuenea nchini mwaka 2008 na kuendelea. Baadaye ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Matokeo yake mnayajua: ukimtumia mtu fedha, jina la aliyesajili laini hiyo linatokea kwenye simu yako. Sasa mfikirie binti aliyezoea kumwita mpenzi wake kwa jina moja tangu walipokutana kwenye foleni ya benki. Siku moja kijana amekwama, anaomba atumiwe elfu ishirini na ya kutolea. Binti anaandika namba, na jina linalotokea ni la mwanamke. Inaweza kuwa ni dada yake aliyemsajilia wakati kitambulisho cha taifa kilipokuwa hakijatoka. Inaweza kuwa ni mke. Binti ameshika simu, kidole kiko juu ya kitufe, na yule kijana anangoja upande wa pili.

Miaka thelathini iliyopita mwandishi asingeweza kuiandika sura hiyo, na baada ya miaka kadhaa huenda isieleweke bila maelezo. Ni ya mji huu, wakati huu. Pazia la mpiga picha haliwezi kumtoa mtu jasho namna hiyo.

#4 – Mchangiaji kutoka Nairobi

Hamjambo nyote. Nauandikia uzi huu kutoka Nairobi, na hoja ya kodi imenigusa kwa kuwa huku kwetu mambo ni tofauti, na nadhani tofauti hiyo inaonekana hata kwenye hadithi zetu. Nairobi kodi hulipwa kila mwezi. Unatoa amana unapoingia, kisha ikifika tarehe tano msimamizi wa ploti, yaani wa nyumba za kupangisha, anapita mlango kwa mlango. Kwa sababu hiyo kuachana ni rahisi: mwisho wa mwezi mmoja wao anaita mkokoteni au pikapu, anapakia kitanda na jiko la gesi, na jioni yuko mtaa mwingine. Nimekaa Pipeline, Embakasi, kwenye majumba ya ghorofa saba na nane ambako ngazi moja inapandwa na mamia ya watu, na huko mtu anaweza kuhama bila jirani wa mlango wa pili kujua jina lake. Ninyi mliolipa miezi sita mnaachanaje?

#5 – Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, swali lako ni zawadi kwa mwandishi yeyote wa Dar es Salaam anayelisoma. Hapa watu huachana moyoni mwezi wa pili na kuendelea kulala chumba kimoja hadi mwezi wa sita, kwa kuwa fedha ya mwenye nyumba hairudi. Mmoja anapika, anakula, anafunika sufuria, hawasemeshani. Mmoja analala kitandani na mwingine ametandika mkeka. Nje ya mlango bado wanaitwa baba fulani na mama fulani, nao wanaitika. Wakati mwingine katika miezi ile minne wanaanza kupendana upya. Nimeliona likitokea, na sijasoma riwaya yetu iliyolikalia jambo hilo ipasavyo.

Naomba nirudi nyuma kidogo kihistoria, kwa sababu suala la nani anaweza kuwa jirani wa nani, na kwa hiyo nani anaweza kumpenda nani, lilikuwa likiamuliwa na serikali muda mrefu kabla yetu. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa kanda za ujenzi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na maeneo yaliyoizunguka. Uwanja wa Mnazi Mmoja tunaoupita leo bila kufikiri ulikuwa sehemu ya mpango huo, nafasi iliyoachwa wazi ili kuutenga mji mmoja na mwingine. Mtu aliyekuwa akivuka pale jioni alikuwa akivuka mpaka.

Baada ya Uhuru mpaka ule ukaanza kulegea, lakini tukio ninalolithamini kama mwandishi ni la 1971, ilipopitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya ofisi ya serikali iliyoitwa Msajili wa Majumba. Katikati ya mji na Upanga, familia za watumishi wa serikali kutoka mikoani zikajikuta zinatumia ngazi moja na familia za Kihindi ambazo, katika baadhi ya majengo, ndizo zilizokuwa zimeyajenga. Uchungu ulikuwapo, hilo nisilifiche, na wengi waliondoka nchini. Lakini watoto waliobaki walicheza kwenye ngazi hizo, wakakua, na si vigumu kukisia kilichotokea baadhi yao walipofika miaka kumi na minane. Mwandishi kijana anayetafuta kizuizi kizito cha mapenzi kuliko hicho atatembea sana.

Na wazee wetu walitatua vipi shida ya mahali? Walikuwa na sinema. Avalon, Empire na Empress zilionyesha filamu, zikiwamo za Kihindi ambazo watu walizifuata kwa machozi na vitambaa mkononi, na ukumbi wenye giza ulikuwa mahali pa heshima ambapo wawili wangeweza kukaa bega kwa bega kwa saa tatu bila mtu kuwanyooshea kidole. Mwaka 1966 ikafunguliwa sinema ya kutazamia ndani ya gari, Drive-in, pale ambapo sasa pana Ubalozi wa Marekani. Kwa wasiokuwa na magari kulikuwa na dansi, na bendi ya Sikinde ikipiga kwenye ukumbi wa DDC Kariakoo. Mwimbaji alipotaja jina la mtu kwenye wimbo, ukumbi mzima uligeuka kumtafuta. Kumbi zile za sinema zimefungwa au zimegeuzwa matumizi. Wapenzi wa leo wamebakiwa na ufukwe, viti vya mabasi ya mwendokasi, na simu.

#6 – Mchangiaji kutoka Songea

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwandishi chipukizi na nipo Songea. Nimewahi kufika Dar es Salaam, lakini sikukaa sana. Mswada wangu unatokea huko kwa sababu mhusika wangu alikwenda kutafuta kazi, kama walivyofanya dada zangu. Je, niache? Na kama nisiache, mtu aliye mbali anakusanya vipi mambo haya unayoyataja?

#7 – Mleta uzi

Marahaba. Usiache. Jiji hili limejaa watu waliotoka Songea, Bukoba, Mtwara na Kigoma, na macho ya mgeni huona vitu ambavyo mzawa wa Ilala ameshaacha kuviona. Tena una kitu ambacho mwandishi wa hapa hana: uko upande ambako barua ya posa inafika. Mapenzi ya jijini yanapotaka kuwa ndoa, hulazimika kusafiri. Mshenga anayetakiwa kuifahamu familia ya binti anaifahamu kwa simu tu, wajomba wanataka wamwone kijana ana kwa ana, na mtu aliyekuwa na jina kubwa ofisini anajikuta amekaa kwenye kigoda akiulizwa ukoo wake. Wewe unaijua sebule hiyo. Iandike kwa kirefu.

Kwa upande wa jiji, anza na dada zako. Usiwaulize habari za mapenzi, watakuficha. Waulize walilala wapi wiki ya kwanza, nani aliwapokea Ubungo, ndoo ya maji ilikuwa shilingi ngapi, mita ya umeme ilikuwa ya nani na walichangia vipi LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Katika nyumba yenye mita moja na wapangaji sita, ugomvi wa nani anapiga pasi na nani ana friji haukosekani, na katika ugomvi huo utajua nani anamtetea nani bila sababu ya wazi. Anayemtetea bila sababu ana sababu.

Jambo la pili ni muda. Mwandishi wa mji mkubwa lazima ajue safari inachukua muda gani na kwa nini. Kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza Mei 2016, mtu wa Kimara aliyefanya kazi Posta aliondoka alfajiri na kurudi usiku, na mapenzi yake yalikuwa ya Jumapili. Mabasi yalipoanza, ratiba ya moyo wake nayo ikabadilika. Lakini masika yakija na bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni na huduma husimama, na wawili wanaokaa ng'ambo mbalimbali za bonde wanakuwa kama wako miji miwili. Kigamboni, ng'ambo ya maji, ni hivyo hivyo. Kabla daraja halijafunguliwa 2016, mtu alikuwa na pantoni au mzunguko mrefu wa Kongowe. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kusubiri ndiko kunakochukua muda, watu wamejaa kwenye banda wakitazama geti, na geti likifunguliwa wote wanakimbia. Watu wanaosubiri pamoja kila asubuhi kwa mwaka mzima huanza kujuana sura, kisha kuwekeana nafasi, kisha kuulizana mbona jana hukuonekana. Simjui mwandishi yeyote anayeweza kubuni mwanzo wa mapenzi mzuri kuliko "mbona jana hukuonekana".

Usisahau pia mwaka huo huo wa 2016, serikali ilipotangaza kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo. Watumishi wengi walikwenda wakawaacha wenza wao Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto, biashara, au nyumba iliyokuwa bado inajengwa Goba au Chanika. Kwa miaka kadhaa ndoa hizo zilikuwa zikiishi kwenye basi la Ijumaa jioni. Treni ya umeme ilipoanza 2024, safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma ikawa ya takriban saa nne, na visingizio vya kutorudi nyumbani mwisho wa wiki vikapungua. Fikiria mwanamume aliyejenga maisha ya pili Dodoma akitegemea umbali, halafu umbali ukaondolewa na reli.

La mwisho ni heshima. Ukichukua kisa cha mtu, kigeuze mpaka yeye mwenyewe asijitambue. Hamisha mtaa, badilisha kazi, wape watoto jinsia nyingine. Majirani zetu hawakutupa ruhusa ya kuwaanika, na mtu aliyesemwa bombani hastahili kusemwa tena kitabuni.

#8 – Mchangiaji, mwanasheria

Nimeufuatilia uzi kwa makini na ningependa kuongeza jambo ambalo waandishi wetu hulipita. Mleta uzi amesema kwamba lile "kwa sasa" huzaa watoto. Huzaa na kesi pia. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wajulikane kuwa ni mume na mke, kutakuwa na dhana kwamba walifunga ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na hata ikipingwa ikashindwa, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Naomba mzingatie kwamba miaka miwili peke yake haitoshi. Kujulikana kunahitajika pia, na kujulikana huko hakuthibitishwi na wawili wenyewe peke yao. Huthibitishwa na watu waliowazunguka: mjumbe, mwenye nyumba, majirani.

#9 – Mleta uzi

Mheshimiwa, umenipa kitu ambacho nilikuwa nakitafuta bila kujua kinaitwaje.

Mswada nilio nao mezani ni wa wawili wa nyumba ya kupanga Mwananyamala, walioanza hivyo hivyo, kwa kodi kuisha. Nilikwama baada ya mwanamume kuondoka. Nilikuwa na mwanamke, watoto wawili, cherehani moja, na ndugu wa mume waliokuja kusema hawamtambui. Nilidhani sura zinazofuata zitakuwa za huzuni tu, na kila nilipoziandika zilikuwa nzito na hazina mwendo. Sasa naona mwendo wake. Katika sura kumi za mwanzo majirani walikuwa kero: mama wa chumba cha pili alihesabu ndala mlangoni, alijua siku walizogombana, alijua siku mtoto wa kwanza alipougua na nani alikimbia kutafuta bajaji usiku. Mwanamke huyu alimchukia kwa hayo yote na walishavunjiana heshima mbele ya watu kwa ajili ya LUKU. Na huyo ndiye mtu pekee anayeweza kusimama mahakamani na kusema kwamba hawa waliishi kama mume na mke, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwatazama.

Kwa hiyo sura ya kumi na moja itakuwa ya kubisha hodi chumba cha pili. Mwanamke ataingia na sukari kilo moja, watakaa, na kabla ya neno mahakama kutajwa yule mama atamkumbusha mambo ya mapenzi yake ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau, kama ile mvua ya masika ambapo mume alitandaza turubai juu ya bati usiku kucha ili maji yasimdondokee akiwa mjamzito. Atayasikia kutoka kwa adui yake. Bado sijaamua kama baada ya kuyasikia atataka tena kwenda mahakamani, au atataka kwanza kumtafuta mume wake.

Nina maswali mawili kwako, nayo yatanisaidia nisiandike uongo. Shahidi wa namna hiyo huulizwa nini hasa anapohojiwa na upande wa pili? Na ikiwa mashahidi wawili wa nyumba moja watatofautiana, mmoja akasema aliwajua kama mume na mke na mwingine akasema alimjua yule mwanamke kama mgeni tu, mahakama huangalia nini ili kuamua?